Akaunti Moja kwa Mji Mzima

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijui tabia hii nilirithi kwa nani, maana baba yangu kule Korogwe alikuwa akienda msikitini anaacha mlango wazi, na akirudi hakagui kitu. Mimi nikiulizwa jina, huuliza kwanza ni la nini. Nikipewa karatasi ya kutia sahihi, husoma mpaka nyuma ambako hakujaandikwa kitu.

Mwaka 2012 nilipangiwa kufundisha hesabu katika shule moja ya sekondari Kasulu. Nilishuka stendi nimejifunga kikoi shingoni kwa baridi, na mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa kijana wa kusajili laini za simu. Alitaka kitambulisho, kijiji nilichozaliwa, na jina la mama yangu. Nikamuuliza jina la mama linaisaidiaje simu kuita. Akacheka, akaniambia kama sitaki niandike lolote tu, mradi nafasi isibaki wazi. Hilo lilinitia wasiwasi zaidi ya swali lenyewe. Serikali ilikuwa inataka kunijua, na aliyetumwa kunijua hakujali kama ni mimi.

Shuleni kulikuwa na kompyuta za msaada, zimewekwa chumba kimoja na magunia ya mahindi ya wanafunzi. Mkuu wa shule alinikabidhi funguo kwa sababu nafundisha hesabu, na kwake hesabu na kompyuta vilikuwa ukoo mmoja. Mfumo uliokuwa ndani ulikuwa wa kunakili, na kila ukiwasha mashine ilikuonya kwamba huenda umeuziwa bidhaa bandia. Flashi zilizunguka kutoka ofisi hadi ofisi na virusi vyake, na mitihani ya kidato cha pili ikayeyuka siku tuliyotaka kuichapa. Nikaufuta mfumo ule wote, nikaweka mfumo huria, ule ambao watu wa dunia nzima huutengeneza na kuuacha wazi ili anayetaka aufungue atazame ndani. Nilikuwa nao kwenye diski tangu chuoni. Nilieleza haya yote mbele ya mkuu kwa fahari.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, kitu kizuri namna hii kinagawiwa bure na nani? Huyo mtu anataka nini kwetu?"

Nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu lilikuwa swali langu mwenyewe. Nikamjibu kwamba kisichofichwa hakina haja ya kuogopwa. Hakuamini, na kusema kweli hata mimi nilikuwa sijawahi kufungua nitazame humo ndani. Baadaye nyaraka zilizotoka wilayani zikawa zinafunguka mistari imeparaganyika, basi kompyuta moja tukairudishia mfumo wa kunakili, kwa ajili ya mawasiliano ya kiofisi. Wanafunzi walijifunzia kwenye mashine ya halali, na barua za serikali tukaziandika kwenye ya wizi. Nimeishi na kichekesho hicho moyoni hadi leo, wala sijapata wa kucheka naye.

Mwaka 2014 nikahamishiwa Kibondo. Nilipanga chumba kwa mama mmoja aliyeuza maharage sokoni, mjane wa Muha, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, naye akazaliwa kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Tabora. Uraia aliupata ukubwani. Cheti chake alikifunga kwenye nailoni, akakiweka chini ya Biblia, na tangu hapo akawa anasema "sisi Watanzania" kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Alinisimulia kwamba ule mwaka wa operesheni ya kuwaondoa wahamiaji, kabla hajashika cheti, alikaa na mzigo umefungwa mlangoni, akiuza maharage huku akitazama barabara.

Alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake. Huyo alirudi Burundi na mumewe wakati wakimbizi wengi walipokuwa wanarejeshwa, akaenda kulima Ruyigi. Walipigiana simu Jumapili baada ya misa. Mwanzoni mwa mwaka 2015 mama akaweka kando kitochi chake cha vitufe, akanunua simu ya tachi, apate kutumiwa picha za wajukuu. Mimi nilibaki na kitochi changu. Zile programu za ujumbe zilizokuwa zimewapagawisha walimu wenzangu zilitaka kwanza niziruhusu zisome majina ya watu wote ninaowajua, na mimi hata mke wangu sijawahi kumpa ruhusa hiyo.

Ndio mwaka ambao sheria ya makosa ya mtandao ilipitishwa, na chumba cha walimu kikageuka bunge. Mwalimu wa jiografia, kijana mchangamfu aliyevaa simu shingoni kwa kamba, alisema ni sheria nzuri, itawakomesha wenye kusambaza picha za aibu na uongo. Mimi nikasema picha za aibu nazichukia kama yeye, ila sipendi anayeamua uongo ni upi awe ndiye anayesemwa. Akaniuliza, "Wewe una nini cha kuficha?" Nikamwambia sina. Nikamwambia hata chooni sina cha kuficha, lakini mlango nafunga. Wakacheka, na mazungumzo yakaishia hapo, kama yanavyoishia mazungumzo yote ambayo mtu amechekesha.

Msimamo wangu ulikuwa huo na bado ni huo. Kampuni inasema inataka kunihudumia, serikali inasema inataka kunilinda, na wote wawili wanaanza kwa kuniuliza mimi ni nani na najuana na nani. Sikuona tofauti kubwa kati yao. Serikali angalau nilijua ofisi yake iko wapi.

Kisha kule Burundi mambo yakaharibika. Redio ikasema watu wameingia barabarani, ikasema mitandao ya ujumbe haipatikani. Watu wakaanza kuvuka, wengine wakipita njia za Nyabibuye na vitanda vya watoto kichwani. Simu ya dada ikawa haipatikani. Mama alipiga kila alipopata nafasi, akasikiliza ile sauti ya mwanamke wa kampuni mpaka mwisho, akaweka simu kwenye kanga, akaendelea kupima maharage.

Asubuhi moja alinisubiri uani nikitoka kuoga. Alikuwa ameshika simu mbali na mwili.

"Mwalimu, nitazamie. Humu kuna watu sikuwaweka mimi."

Niliitazama. Kwenye orodha yake ya majina kulikuwa na Padri Kasulu, Dereva Noa Kakonko, Fundi Magodoro, Dokta Meno, Mama Samaki, na wengine wengi, majina yamefuatana kama watu wa foleni. Nikauliza kama hakuna aliyemwazima simu. Akatikisa kichwa. Akanionyesha kwa ukucha jina moja kati yao: Bwana Uhamiaji.

"Huyu mimi sijawahi kumpigia," alisema. "Kama namba yake iko kwangu, na yangu si iko kwake? Na ya dada nimeiandika Dada Ruyigi. Mwalimu, mtu akisoma hapo ataniuliza mimi ni nani."

Nilisikia aibu kidogo, na chini ya aibu nilisikia raha ya mtu aliyesema toka mwanzo. Sheria imepita juzi, uchaguzi uko mbele, wakimbizi wanavuka, na jina la mtu wa uhamiaji linaota kwenye simu ya mama wa maharage. Nilimwambia asipige simu yoyote na asifute kitu. Aliogopa zaidi kwa jinsi nilivyosema.

Nilikwenda shuleni na simu yake mfukoni. Wakati wa chai nilimwomba mwalimu wa jiografia anionyeshe simu yake, yeye asiye na cha kuficha. Nikapekua. Padri Kasulu alikuwepo. Fundi Magodoro alikuwepo. Bwana Uhamiaji alikuwepo, na chini kidogo, mahali pake penye herufi ya D, alikuwepo Dada Ruyigi. Mwenzangu akasema pengine ni mzazi wa mwanafunzi. Hakuwa na habari hata kidogo, na kutokuwa kwake na habari kulinitisha.

Nikaweka simu mbili mezani, nikaingia kwenye mipangilio ya kila moja. Zote zilikuwa na akaunti moja ya barua pepe, na jina la akaunti lilikuwa jina la kibanda cha simu kilichoko nyuma ya soko.

Fundi wa pale alikuwa kijana mcheshi aliyekuwa akiongea kama redio za Dar es Salaam ingawa hakuwahi kuvuka Tabora. Aliuza simu, akaweka nyimbo, akachaji. Alinipokea kwa shikamoo ndefu.

"Ticha, simu mpya ikiwaka inaomba akaunti," alinieleza nilipomuuliza. "Mteja ukimuuliza barua pepe yake anakutajia sanduku la posta la parokia. Sasa nifanyeje? Namwekea ya kibanda. Moja tu, neno la siri moja, nisisahau."

"Wote?"

"Wote walionunua kwangu. Hamna noma."

"Na hujaona majina yanahama kutoka simu hadi simu? Mtu akiandika jina kwenye simu yake na ana bando, linakwenda kwa wote."

Akafikiri. "Niliona majina yameongezeka kwangu," akasema. "Mimi nilifurahi, ticha. Nikajiona nina watu."

Nilimuuliza kama yule bwana wa uhamiaji naye alinunua pale. Akasema ndiyo, na kwamba ni mteja mzuri, hana maneno.

Nilisimama pale kibandani nikiwa kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Nilikuwa nimeipanga serikali nzima kichwani, na mitambo yake, na watu wenye suti, halafu namkuta kijana aliyeona uvivu kufungua akaunti. Lakini hatari haikupungua hata kidogo. Yule bwana alikuwa anatembea na namba ya Dada Ruyigi mfukoni bila kuitafuta. Ile sheria mpya nilikuwa nimeisoma kwa makini, ilikuwa na kifungu cha karibu kila kosa, lakini sikukumbuka kifungu kinachohusu wema wa fundi simu. Na ile kampuni iliyotunza akaunti yenyewe, mbali huko iliko, iliridhika kabisa kwamba Kibondo anakaa mtu mmoja mwenye marafiki wengi.

Nikamwambia afute kila kitu. Akakataa, na alikuwa na haki: akifuta yeye, mji mzima unaamka hauna namba hata moja, na wa kupigwa ni yeye.

Nilirudi kwa mama nikamweleza taratibu, uani, akiwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia naweza kumfungulia akaunti yake mwenyewe siku hiyo hiyo.

"Nikitoka, namba ya dada itabaki kwao?"

"Itabaki."

"Na jina?"

"Jina tunaweza kulibadilisha kabla hujatoka. Ukibadilisha kwako, linabadilika kwa wote."

Akanipa simu. Dada Ruyigi nikamwandika Mama Vitenge. Kesho yake nikatazama kwenye simu ya mwalimu wa jiografia, na kwake pia alikuwa Mama Vitenge. Niligeuza neno moja uani, na neno likageuka mifukoni mwa watu ambao hawajui, akiwemo mtu wa serikali. Sikupenda jinsi nilivyoona raha. Nikajiuliza ni wangapi duniani wana kidole cha namna hiyo kila siku, na nani anawatazama.

Akaunti mpya hakutaka nimfungulie. "Usiguse kingine, Mwalimu. Dada anaijua simu hii kama ilivyo." Nilimweleza kwamba laini ndiyo inayopigiwa, siyo akaunti. Alisema anaelewa, na hakunipa simu.

Zikapita wiki. Mama Vitenge hakupatikana. Mama akaanza kwenda kusimama barabarani malori ya wakimbizi yalipopita, akitazama nyuso, lakini alisimama upande wa pili wa barabara, karibu na duka, kama mtu aliyetoka kununua chumvi. Niliwahi kumwona hapo nikitoka shule, naye akageuza uso.

Ilikuwa mchana alipopigiwa. Nilikuwa nyumbani nasahihisha madaftari, nikasikia akiita jina la dada yake kwa Kirundi, mara nyingi, halafu "Ego. Ego. Ego," ndiyo juu ya ndiyo. Alipotoka chumbani alikuwa amefunga kilemba upya. Dada alikuwa kambini, upande wa Kasulu, na amepiga kwa simu ya mtu.

Nilikuwa na safari ya Kasulu kikazi wiki hiyo, tukaenda pamoja. Tuliomba ruhusa ya kumwona, tukaulizwa maswali, nami nikajibu machache na kwa ufupi. Dada alitokea kati ya mahema akiwa amevaa koti la kiume. Walikumbatiana bila kelele. Walifanana mikono.

Tulikaa kwenye jiwe, akasimulia, Kirundi na Kiswahili vikipishana. Simu yake ilipotea njiani na namba zote zilikuwemo, kichwani hakuwa na hata moja. Pale kambini aliuliza kila mtu aliyetoka Kibondo. Mwisho akampata dereva wa gari la maji, mtu wa Kibondo, mwenye simu ya tachi.

"Nikamtajia jina lako, akasema oya, hapana, hana. Nikamwambia ni mwanamke anauza maharage sokoni. Akaandika maharage, ukatokea."

"Nilitokea vipi?" mama akauliza.

"Mama Maharage Mrundi," dada akasema. Alilisema kwa furaha, kama jina la nyumbani. "Nikamwambia ndiye huyo huyo, mpigie."

Mama alitoa simu kwenye kanga akanipa, nami nikatafuta. Jina lilikuwepo, na namba iliyokuwa chini yake ilikuwa yake mwenyewe. Lilikuwa limekaa kwenye simu yake siku zote hizo, na mimi nilipekua orodha ile nikitafuta wageni, sikufikiri kumtafuta mwenye simu.

"Nani kaniandika hivyo?"

Angeweza kuwa yeyote aliyenunua kwake maharage na simu kule kibandani: jirani, mwanakwaya mwenzake, padri. Angeweza kuwa yule bwana. Hakuandika adui, pengine aliandika mtu anayempenda, apate kumtofautisha na mama mwingine wa maharage. Hilo ndilo nililolishuku zaidi, na ndilo lililoniuma. Nilimwona akitazama chini, mwanamke mwenye cheti chini ya Biblia, na nikajua anapitia nyuso za wateja wake mmoja mmoja.

"Mama, tulibadilishe sasa hivi," nilisema. "Tuandike Mama Maharage Kibondo. Litabadilika kwa wote, mpaka kwa yule bwana. Kama dada amekupata kwa jina hilo, mtu mwingine naye atakupata."

Alikubali kwa kichwa. Akachukua simu, nikamwonyesha pa kubonyeza, na herufi zikafunguka tayari kufutwa. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo alipomgeukia dada yake.

"Binti yako mkubwa yuko hema gani?"

Dada akatazama mikono yake. Binti walipotezana naye porini kabla ya mpaka, binti akiwa na mtoto wake mgongoni. Hajafika kambini. Haijulikani kama amevuka.

"Akivuka ataniulizaje?"

"Kama nilivyouliza mimi," dada akasema. "Jina lako la ubatizo watu hawalijui. Atasema mama mdogo, Mrundi, wa maharage."

Mama alikaa na ile simu mpaka kioo kikazima chenyewe. Nilimkumbusha habari za uhamiaji, na operesheni, na uchaguzi unaokuja, nikasema yote niliyokuwa nayo, na yote yalikuwa kweli. Akaniambia, "Najua, Mwalimu," na akairudisha simu kwenye kanga.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, alinipa simu uani. Alikuwa na hofu kwamba mtu mwingine, mwenye akaunti ile ile, anaweza kumfuta bila kujua. Nilitafuta, nikapita kwa yule bwana, na kwa dokta meno, na kwa fundi magodoro, mpaka nikamfikia.

"Nipo?" aliuliza.

"Upo, mama. Bado Mrundi."

"Ego," alisema, akajitwika maharage yake akaenda.